Mwongozo kamili: mmestaafu, mpo wawili nyumbani kutwa nzima, mtapumuaje?

Nilistaafu nina miaka 60 kamili. Nilikuwa gadi wa treni ya abiria reli ya kati, Kigoma Tabora, Tabora Kigoma, zaidi ya miaka thelathini. Wiki ya kwanza nikachinjiwa kuku. Wiki ya pili mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo, nakula huku naangalia ziwa nasema moyoni huu ndo ustaafu sasa. Wiki ya sita hivi, saa nne asubuhi, namtafuta mke wangu nyumba nzima simwoni, kumbe kajifungia bafuni. Nikagonga, "mama, tumbo?" Akajibu taratibu kabisa, "hapana, nimekaa tu."

Amekaa tu, kwenye ndoo iliyogeuzwa, mlango umefungwa kwa komeo, maana ndo sehemu pekee ya nyumba yake ambayo mimi sikuwa naingia kumuuliza anafanya nini.

Nilinuna siku mbili, sikatai. Siku ya tatu nikaanza kupiga hesabu. Kwa wiki nilikuwa nalala nje siku tatu, wakati mwingine nne treni ikichelewa, na enzi zile ilichelewa kweli. Yaani miaka yote tunayohesabu kwenye ndoa, karibu nusu yake sikuwepo. Nilikuwa naondoka na kirago changu, narudi na asali ya Tabora, nakaribishwa kama mgeni, tunaongea mpaka usiku, kabla hatujachokana nishaondoka tena. Ndoa yetu ilikuwa inaendeshwa na ratiba ya treni na wote wawili hatukujua. Sasa ratiba imeondolewa, tumebaki wawili na saa 24.

Watu wa reli watanielewa haraka. Reli yetu ya zamani ni njia moja tu, treni inayopanda na inayoshuka zinatumia reli ileile, na hazigongani kwa sababu kuna stesheni za kupishana, moja inaingia pembeni inasubiri, nyingine inapita. Hamna anayesema ile iliyosubiri imeachwa. Mimi na mama tulikuwa hatuna pa kupishana, basi. Nimeandika hapa jinsi tulivyopatafuta, mengine tulikosea kwanza, nitayasema pia.

Hatua ya 1: hakikisha unachohitaji ni kupumua na siyo kitu kingine

Hapa watu wengi wanaruka. Mtu anaweza kusema "nimechoka kumwona huyu" wakati shida yenyewe ni madeni, au mafao yametoka pungufu kuliko alivyotegemea (kikokotoo, ile hesabu ya kukokotoa mafao, kimewagombanisha wengi), au mwenzake anaumwa.

Jiulize hivi: akiondoka siku mbili, siku ya pili jioni unamkumbuka? Ukisikia bodaboda imesimama getini unachungulia? Basi wewe unahitaji kupumua tu, endelea kusoma. Ila ukiona akiondoka unafurahi, akirudi tumbo linakaza, hilo jambo lingine, nitaligusa mwisho.

Kama ni kupigwa, kutishiwa, kunyang'anywa hela, mwongozo huu siyo wako kabisa, usianze kupanga ratiba na mtu anayekupiga. Nenda dawati la jinsia polisi, au ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri.

Na kama mwenzako kabadilika ghafla, anauliza swali moja mara tano, anasahau njia ya kutoka sokoni, analala mchana kutwa hataki watu, mpeleke hospitali kwanza. Kuna mzee mwenzetu tulikuwa tunamcheka kijiweni eti kawa mkali uzeeni, kumbe sukari ilikuwa juu sana na yeye hajui. Tuliona aibu.

Hatua ya 2: wiki moja ya daftari

Usiongee chochote kwanza. Chukua daftari la watoto la shule, siku saba, andika tu: saa ngapi mlikuwa chumba kimoja, saa ngapi kila mtu alikuwa kivyake, na nani alimuuliza mwenzake maswali mangapi. Usicheke. Mimi siku ya kwanza niliandika maswali yangu mwenyewe mpaka saa sita mchana: unaenda wapi, nani kapiga, mbona vitunguu vingi hivi, mkaa umenunua bei gani, huyu mtoto wa jirani anafuata nini hapa, chai bado? Saa sita tu, na mengine nilisahau kuandika.

Kazini nilikuwa mtu wa kukagua. Tiketi, mizigo, breki, milango, kila stesheni. Sasa nilistaafu cheo, ila kukagua hakujastaafu, kukahamia jikoni kwa mama wa watu ambaye amejiendeshea ile jiko tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, analea, ananunua dagaa Kibirizi anaanika anauza, bila gadi yeyote.

Mwanangu alinisomea kwenye simu kwamba Wajapani wanaume wa hivi wana jina lao, nure ochiba, maana yake majani yaliyoanguka yakaloa, ukifagia hayaondoki, yanang'ang'ania ufagio. Nikamwambia wasalimie.

Hapa Kigoma hata hatuhitaji Mjapani. Mwaka 2024 serikali ilipofunga ziwa kuvua miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane, mama alikuwa anarudi mwaloni, pale boti za wavuvi zinapotua, na stori za wake za wavuvi. Njaa walilalamika, kweli, hela zilikata. Ila kulikuwa na lalamiko la pili wanalisema kwa kunong'ona, kwamba huyu mwanaume nimezoea anaingia majini jioni anarudi asubuhi analala, akipumzika ni zile siku za mbalamwezi, sasa yupo kutwa, anataka kujua kila kitu. Wale walipewa majaribio ya kustaafu bila kuomba.

Hatua ya 3: namna ya kulisema bila kuvunja sahani

Hii ndo hatua ngumu kuliko zote, nitakaa hapa kidogo.

Kwa Kiswahili chetu, ukimwambia mke au mume "nataka nikae peke yangu kidogo" anachosikia ni "sikutaki". Na umri huu ni mbaya zaidi maana anaongeza mwenyewe, "ameshapata mwingine", au "nimezeeka". Kwa hiyo usiseme unachokimbia, sema unachokifuata na sema utarudi saa ngapi.

Usiseme: "Nimekuchoka." "Unanibana." "Naomba uniache." Wala usitumie watoto kufikisha ujumbe, binti akipiga simu kutoka Dodoma kusema "baba, mama kasema umpumzishe" hapo umeua.

Sema hivi, na mengine haya ni maneno ya mke wangu mwenyewe aliyonambia, nayakumbuka yote:

"Mzee, mimi nimezoea asubuhi kuwa na kichwa changu. Mpaka saa sita niache nifanye mambo yangu, saa saba tutakula pamoja, nitakusikiliza yote."

Angalia alivyofanya. Kataja saa. Kataja na chakula. Hakuna mahali aliposema mimi mbaya. Na akanambia tukiwa njiani tunatembea kutoka msibani, wote tunaangalia mbele, siyo uso kwa uso. Mambo mazito semeaneni mkitembea au mkipalilia. Kitandani usiku, hapana. Mbele ya wajukuu, hapana. Siku pensheni imeingia, ndo kabisaa.

Kama wewe ndo unaambiwa, jitahidi jibu la kwanza lisiwe "kwa hiyo unanifukuza nyumba niliyojenga mwenyewe". Mimi ndilo nililolitoa. Alinyamaza mpaka tunafika Mwanga sokoni, afu akasema "tofali alizibeba nani?" Kweli, nilikuwa safarini wakati fundi anajenga, maji na tofali alisimamia yeye. Ikabidi nianze upya kwa kuomba radhi.

Akiuliza "kuna mtu?" usikasirike, jibu kwa vitendo: hapa ninapoenda, huyu ninayekuwa naye, simu iko wazi, ukitaka njoo uone. Mtu anayetaka kupumua hafichi anapopumulia.

Hatua ya 4: gaweni nyumba kabla hamjagawana mji

Hamna gharama hapa, au ndogo sana. Watoto wameondoka, vile vyumba vimejaa magunia na kitanda cha dabodeka kilichovunjika. Safisha kimoja. Tulifanya hivi: kile chumba cha nyuma kikawa cha mama, cherehani yake, mizani, daftari la VICOBA (kikundi chao cha kuweka na kukopa), na sheria kwamba mlango ukiwa umerudishiwa sigongi labda nyumba inaungua. Mimi nikapewa kibaraza cha mbele na kiti chini ya mwembe, na redio. Redio nayo ilileta vita, kwa sababu taarifa ya habari naipenda kwa sauti, nikanunua spika za masikioni za bei ya chini pale mjini na vita ikaisha siku hiyohiyo, sijui kwa nini tuligombana wiki tatu kwa kitu cha bei ile.

Jikoni ni kwake. Siyo kwamba mwanaume asiingie, ingia ukapike siku yako, ila siku yake usifunue sufuria. Sisi Jumapili ni yangu. Napika dagaa na ndizi, vyombo naosha mwenyewe, na yeye haruhusiwi kusema chumvi imezidi mpaka aulizwe.

Na kulala. Watu wazima tuambiane ukweli, kukoroma kumezidi, mmoja anaamka mara nne usiku kwenda haja, mwingine anataka dirisha wazi. Kulala vyumba tofauti siku mbili tatu kwa wiki siyo talaka. Ila kubalianeni wote wawili na mseme sababu, kwa sababu mmoja akihama kimyakimya na mto wake, mwenzake atalia chumba kile bila wewe kujua.

Hatua ya 5: tafuta pa kwenda asubuhi, pa kweli

Mstaafu anayesema "nitakuwa natembeatembea" ataishia kurudi saa tatu na nusu. Unahitaji mahali ambapo usipofika kuna mtu au kitu kinakukosa.

Kijiwe cha bao na kahawa kipo, Ujiji hasa, ukikaa pale na kahawa na kashata masaa mawili yanapita. Ni kizuri mara mbili tatu kwa wiki. Kila siku, hapana, kina mitego: maneno ya ndoa za watu, kukopeshana, na kwa wengine kikombe cha kahawa kinageuka kikombe kingine. Kiinua mgongo nimeona kikiishia vijiweni, tena kwa shangwe.

Mimi nilichukua eka moja ya michikichi njia ya kwenda Mwandiga. Eka moja tu, narudia, kwa sababu kuna wenzangu walichukua mkupuo wote wakanunua eka kumi wakaishiwa kabla hata ya kupalilia. Kwa nafasi ya mita tisa kwa tisa kwa mtindo wa pembetatu inaingia kama miche 57 kwa eka, mbegu ya tenera, hii ya kisasa, inaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, siyo kama ile ya babu zetu. Miche bora wanazalisha TARI Kihinga hukuhuku Kigoma, usinunue ya barabarani. Miaka ile ya mwanzo mistari bado iko wazi unaweka maharage katikati, unapata mboga na unapata sababu ya kuamka. Faida kubwa ya shamba hili kwa upande wa ndoa ni kwamba haliko karibu, kwenda na kurudi ni asubuhi yako yote, na ukirudi una la kusema. Zamani nikirudi safari nilikuwa na stori, nani kapanda Uvinza na mbuzi, nani kalala kapitiliza stesheni yake. Nikikaa kutwa ndani stori ningeitoa wapi, nilikuwa namsimulia yeye mambo ambayo tumeyaona wote.

Kama shamba huliwezi, goti linakataa: kamati ya shule ya mtaa inahitaji watu, msikiti na kanisa wanahitaji mtu wa mahesabu, fundi seremala jirani atafurahi mzee wa kukaa naye akimshikia mbao. Na kuna wengine wanataka tu kukaa mwaloni wakaangalia ziwa, kaeni, ila pangeni siku.

Hatua ya 6: mwanamke naye aondoke, na aondoke kweli

Tunaongea sana kuhusu mzee apate pa kwenda, mama je? Wengi wanajidanganya kwamba mama amepumzika kwa sababu ameenda kukaa miezi miwili kwa binti aliyejifungua. Jamani. Kuamka usiku na kichanga, kufua nepi, kupika uji, hiyo ni kazi ya zamu ya usiku bila posho, na anarudi amechoka kuliko alivyoondoka, anakukuta na wewe unasubiri chai. Hiyo hesabu yake pembeni, isiingie kwenye likizo.

Likizo yake ni ile ambayo hapiki na halei. Mke wangu anaenda kwa dada yake Kasulu, siku nne mpaka saba, barabara lami, asubuhi anaondoka mchana kafika. Wanakaa wanacheka mpaka usiku, nasikia kwenye simu. Mara ya kwanza nilimpigia mara sita kwa siku, chumvi iko wapi, gesi inazimwaje, dada mtu akachukua simu akanambia "shemeji, mwache mwenzio, chumvi iko kwenye chumvi."

Wajukuu nao wawekewe mpaka. Nyumba ya wastaafu siyo chekechea ya ukoo. Waambieni watoto wenu kwa mdomo mmoja, siku hizi tunapokea, siku hizi hatupokei, na mzee asijifanye mwema kwa kukubali "waleteni tu" afu yeye anakwenda zake kwenye bao.

Hatua ya 7: safari ndefu, wiki mpaka mwezi

Hii inataka mpango wa mezani kabisa. Andikeni hata kwenye karatasi moja:

Tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi, zote mbili. Safari yenye tarehe moja ndo inayoleta kesi.

Simu: mara ngapi na saa ngapi. Sisi ni saa mbili usiku, dakika chache, umekula, dawa umekunywa, lala salama. Mchana ni kwa dharura tu. Ukiwa njiani na treni kumbuka mtandao unapotea vipande virefu, mwambie kabla asije akafikiria makubwa.

Dawa za presha au sukari za siku zote za safari na tatu za ziada, na kadi ya bima usiiache kwenye koti lingine.

Hela ya anayebaki. Usiondoke na pensheni yote mfukoni. Huu ni unyama na upo.

Anayejua: mtoto mmoja mkubwa, jirani mmoja wa kuaminika, na balozi wenu wa nyumba kumi. Siyo mtaa mzima. Majirani watauliza, "mama yuko wapi, siku nyingi?" Na jibu kubalianeni, mkijibu tofauti tayari kuna habari. Letu ni fupi, "yuko kwa dada yake, anarudi Alhamisi." Ukitaja siku watu wanakosa cha kuongeza. Kuna bibi mmoja mtaani kwetu alishaanza kunitafutia mke mdogo mama akiwa na siku ya tatu tu Kasulu.

Mimi yangu ni Tabora, mara mbili kwa mwaka, napanda treni ileile niliyokuwa naifungia milango, usiku kucha, Uvinza, Malagarasi, Kaliua, Urambo, nakaa kwa rafiki zangu wa zamani wa reli siku kumi, tunabishana kuhusu SGR, ile reli mpya ya kisasa, kwamba Dar mpaka Dodoma tangu 2024 watu wanakwenda kwa umeme, huku kwetu lini. Narudi na asali. Mama anasema nikirudi Tabora nanukia mtu aliyemuoa. Sijui alimaanisha dizeli.

Hatua ya 8: sheria na hela, mkijua mapema hamtatishana

Fupi tu. Kupumzishana siyo kutengana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua kutengana, na kutengana kwa hiari kukifika miaka mitatu mfululizo mahakama inaweza kuuchukulia utengano huo kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Wiki moja Kasulu haihusiki, ila yule anayehamia shamba "kwa muda" na mwaka wa nne huu hajarudi, ajue anachokifanya.

Nyumba ya ndoa huwezi kuiuza wala kuiweka rehani bila mwenzako kukubali, kifungu cha 59. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaodhani wakipata kibanda cha kupumzikia wanaweza kuuza kile kikubwa kimyakimya.

Na kibanda chenyewe, kama mnajenga shambani, jengeni kwa kuelewana, apajue, afike, aone kuna vikombe vingapi.

Hela: tulichofanya sisi, pensheni ikiingia tunatoa ya nyumba kwanza, dawa, umeme, maji, halafu kila mmoja ana kidogo chake ambacho haulizwi. Kidogo kweli, ila haulizwi. Mimi niliyezoea kukagua ndo niliteseka, miezi miwili ya kwanza nilikuwa natamani kujua zile za kwake zinaenda wapi mpaka usingizi unakata.

Hatua ya 9: kurudi

Watu wanapanga kuondoka vizuri, kurudi wanaharibu. Ukifika nyumbani masaa matatu ya kwanza usikague. Umekuta kiti kimehamishwa, kaa kwenye hicho hicho. Umekuta mkaa umeisha, utasema kesho. Leta kitu hata kidogo, siyo lazima kitenge, hata miwa. Na anayepokea asianze na orodha ya matatizo mlangoni, bomba limepasuka, kuku wamekufa, mwanao kaomba hela. Mwache anawe.

Usitegemee pia kwamba usiku ule mtakuwa wapya. Wakati mwingine mnakuwa wageni kidogo siku nzima, kila mtu alishazoea ukimya wake. Inapita.

Kila baada ya miezi mitatu kaeni muulizane: imetosha, imezidi, imepungua? Kwetu ya kwanza ilizidi. Mama akasema shamba limekuwa mke mwenza, siku sita kwa wiki, hata Jumapili ya kupika naruka. Nikashusha mpaka nne.

Hatua ya 10: isipokaa sawa

Dalili za kuangalia: safari zinaongezeka zenyewe bila makubaliano, simu ya saa mbili haipokelewi, mmoja anapanga na mwingine anapangiwa tu, au mkikutana mnaongea kuhusu bili peke yake. Hapo tafuteni mtu wa tatu mapema. Kwetu huku watu wanaanza na mshenga kama bado yupo hai, au shangazi, afu shehe au mchungaji. Chagueni mtu ambaye wote mnamheshimu na siyo ndugu wa upande mmoja anayekula kwenu kila wiki. Ikishindikana lipo baraza la usuluhishi wa ndoa ngazi ya kata, na kwa kawaida hata mahakamani huwezi kufungua shauri la talaka kabla hujapita pale. Msiende pale kwa hasira, nendeni na lile daftari la hatua ya pili.

Ratiba yetu ya sasa iko ukutani, karibu na kalenda, kaandika mama kwa maka pen nyekundu. Jumatatu, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa ni shamba. Jumanne mchana bao. Jumamosi kila mtu na lake mpaka saa tisa. Jumapili jikoni ni mimi. Kesho Jumatano ana kikao cha VICOBA hapa nyumbani, wanawake kumi na nane, kanambia nisirudi kabla ya saa kumi na moja na nikirudi nipite mlango wa nyuma, nije na nazi mbili.